HURIA SI BURE: RAMANI YA MTAA NA WAJIBU WETU

Yafuatayo ni maelezo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa umma na wakazi, Magomeni, Dar es Salaam.



Nitazungumzia programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo watungaji wake wameruhusu kila mtu kuzitumia, kuchungua zilivyoundwa, kuzirekebisha na kuwapa wengine.

Jambo hili si geni kwenu. Katika mafuriko ya Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, na watu wasiopungua 40 wakapoteza maisha katika jiji hili. Familia nyingi zilihamishwa kutoka bondeni na kupelekwa Mabwepande. Wakati ule mitaa mingi iliyojengwa bila kupimwa haikuwa na ramani ya kutegemewa. Ilikuwa vigumu kujua ni nyumba ngapi zimezingirwa na maji, au ni mfereji upi umeziba.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita mitaani pamoja na wakazi, wakaorodhesha nyumba, njia, mifereji na mahali maji yanapofika. Taarifa hizo ziliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuisahihisha. Programu ya kuchorea ramani, QGIS, nayo ni huria na haidai ada ya leseni.

Huko kwetu Visiwani, Kamisheni ya Ardhi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wadau wengine, ilianza mwaka 2016 kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Picha hizo nazo ziliwekwa wazi kwa matumizi ya wote.

Ndugu Wananchi, wapo wanaosema kwamba kilicho huria ni cha bure. Kauli hiyo ina kasoro. Ada ya leseni haipo, lakini kazi ipo. Mfereji ulioandikwa mwaka 2015 kuwa uko wazi huenda leo umejengewa ukuta. Ramani isiyosahihishwa itampeleka mwokoaji kwenye njia isiyopitika. Fedha za mradi huisha, ilhali masika hurudi kila mwaka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala huria haina maana ya kuanika siri za watu. Ramani huonyesha nyumba na mfereji. Jina la mgonjwa au deni la mtu halina nafasi humo.

Kwa hiyo, naomba mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, kila ofisi iteue mtumishi mwenye jukumu la ramani, naye apewe muda na mafunzo. Pili, viongozi wa mitaa wakague mifereji pamoja na wakazi kabla ya mvua, na mabadiliko yaingizwe. Tatu, ofisi inaponunua programu yoyote, mkataba utamke kwamba taarifa ni mali ya umma na zitatolewa zikiwa kamili mkataba ukimalizika.

Chombo tunacho, na ufunguo wake uko mikononi mwetu. Kilichobaki ni kukitunza.