Kusoma Daftari la Pamba kwa Nukta
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bariadi)



Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukumani waliungana kwa kuwa hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Umoja huo ulizaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake. Kazi ya kwanza ya chama, basi, ni kuhakikisha kilo za mwanachama zinaandikwa kwa haki. Lakini daftari lenye majina mia mbili halisomeki kwa kutupa jicho. Makosa hujificha humo. Mchoro wa nukta huyafichua.

Katibu achukue karatasi ya miraba, apige mstari wa kulala na mstari wa kusimama, vikutane kwenye sifuri. Wa kulala uwe wa ekari, wa kusimama uwe wa kilo, na vipimo vipishane kwa nafasi zilizo sawa. Kila mwanachama ana namba mbili, nazo humpatia nukta moja tu.

Uchukuliwe mfano wa kufundishia: ekari 2, kilo 500, ekari 3, kilo 800, ekari 4, kilo 950, ekari 5, kilo 1,250, ekari 6, kilo 600.

Nukta nne za kwanza zinapanda kuelekea kulia: ekari zikizidi, kilo nazo huzidi. Rula ikipitishwa katikati yake huonyesha kama kilo 250 kwa ekari. Mwenye ekari 3 na nusu hutazamiwa kuleta karibu kilo 875. Hayo ni makisio, si deni. Wala mstari usinyooshwe hadi ekari 20, kwani huko hakuna nukta hata moja ya kuushuhudia.

Nukta ya tano imeanguka chini peke yake. Zilitazamiwa kilo 1,500. Katibu mwenye haraka atasema mwanachama huyu ameuza pamba pembeni. Mchoro hausemi hivyo. Huenda palizi ilichelewa, huenda funza wa vitumba waliingia shambani, huenda karani alisahau kuingiza stakabadhi ya pili. Nukta huonyesha mahali pa kuuliza, hukumu haitoi.

Vivyo hivyo, nukta za kupulizia dawa na za mavuno zikipanda pamoja, haijathibitika kuwa ni dawa peke yake iliyoleta kilo. Huenda apuliziaye kwa bidii ndiye pia apaliliaye mapema.

Kwa hiyo mchoro ufanywe kabla ya malipo, na stakabadhi za nukta iliyojitenga zijumlishwe mbele ya mwenyewe. Kilo 900 zilizosahauliwa kitabuni ni ada ya mtoto na chakula cha nyumba. Nukta isifutwe ili mchoro upendeze. Nyuma yake yupo mwanachama.