Ardhi, Kambi na Bomu: Mada kwa Semina ya Amani, Babati



Nimeombwa nizungumzie harakati za kimataifa za kupinga kambi za kijeshi za kigeni na silaha za nyuklia. Najua wapo humu wanaojiuliza hayo yanatuhusu nini sisi wa Babati, ambao vikao vyetu vingi ni vya maji, mipaka ya mashamba na bei ya mbaazi. Naomba basi tuanzie hapa hapa wilayani, kwenye barabara ya Arusha. Ukishaiacha Magugu na kabla hujafika Makuyuni, unapita Minjingu. Mbolea ya Minjingu kila mkulima hapa anaijua. Ni fosfati iliyotokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa majini, yaliyorundikana enzi ambazo Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko tunavyoliona leo.

Lakini walioigundua hawakuwa wakitafuta mbolea. Mwaka 1956 ndege zilipita angani zikiwa na vipima mionzi, zikitafuta urani. Vipimo viliitika Minjingu, na walipochunguza wakakuta fosfati yenye urani ndani yake. Uchimbaji wa mbolea ulikuja kuanza mwaka 1983. Sisemi haya kuwatisha wakulima. Masuala ya mionzi pale yana wataalamu wake katika Tume ya Nguvu za Atomu. Ninachotaka tukione ni kwamba mashindano ya silaha yalipokuwa yamepamba moto, Manyara ilikuwa tayari kwenye ramani ya wanaotafuta malighafi ya bomu, na hakuna mzee wa Kimbugwe aliyeulizwa.

Wenzetu wa Katanga, wasemaji wa Kiswahili kama sisi, hawakuishia kupitiwa na ndege. Sehemu kubwa ya urani iliyotengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na mji unaoitwa leo Likasi, chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Wachimbaji waliyachambua mawe yale kwa mikono, bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Watoto wetu shuleni husoma habari za wanasayansi na marubani. Shinkolobwe hawaisomi, na mimi naona hilo ni pengo kubwa katika somo la historia.

Hoja yangu basi ni moja. Kabla bomu halijaangushwa juu ya mtu, na kabla kambi haijarusha ndege ya kwanza, kuna ardhi iliyokwisha kuchukuliwa, na kwa kawaida huchukuliwa kwa watu wachache wasiokuwa na msemaji. Harakati za amani zilizofika mbali ni zile zilizoanzia kwa watu hao.

Tazameni visiwa vya Chagos, katika bahari hii hii ya Hindi. Wakazi wake walikuwa kati ya 1,500 na 2,000, wengi wao wajukuu wa watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska, wakiishi kwa kazi za minazi. Mwaka 1965 Uingereza iliving'oa visiwa hivyo kutoka Mauritius, iliyokuwa bado koloni lake. Tarehe 30 Desemba 1966 ikakubaliana na Marekani kwamba Diego Garcia iwe kambi ya kijeshi. Malipo yake yalifichwa: Marekani iliisamehe Uingereza dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris, makombora ya nyuklia ya nyambizi. Yaani kisiwa cha wakwezi wa minazi kilibadilishwa kwa punguzo la bei ya silaha za nyuklia.

Kisha watu wakaondolewa. Aliyekwenda Mauritius kwa matibabu aliambiwa hakuna tena meli ya kumrudisha. Mbwa wao walikusanywa kwenye banda la kukaushia nazi wakauawa kwa moshi wa magari, na wenye mbwa wakashuhudia. Kufikia 1973 visiwa vyote vilikuwa vimehamwa. Diego Garcia ndipo ndege za Marekani ziliporuka kwenda kupiga mabomu Afghanistan mwaka 2001 na Iraki mwaka 2003.

Wazee waliotoka Hanang hawahitaji kufafanuliwa sana. Wanakumbuka mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada, malisho ya Wabarbaig yaliyochukuliwa, na makaburi ya wazee yaliyolimwa kwa trekta. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilifika Mahakama ya Rufaa mwaka 1985. Ngano si bomu, nakubali. Lakini aliyewahi kuona kaburi la babu yake likipitiwa na jembe la trekta anamwelewa Mchagosi upesi kuliko mtaalamu yeyote wa mambo ya nje.

Waliobeba mapambano ya Wachagosi walikuwa wanawake: Charlesia Alexis, Lisette Talate na Rita Bancoult. Wengine waliosha nguo za watu katika vitongoji vya Port Louis. Waligoma kula, wakaandamana, wakakamatwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kuviachia visiwa hivyo haraka iwezekanavyo. Mkataba uliosainiwa tarehe 22 Mei 2025 ulikusudia kuirudishia Mauritius mamlaka, ila kambi ibaki kwa miaka 99. Kwangu huo ni nusu ushindi.

Kenya nako kuna somo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu pauni milioni 4.5 kwa vifo na majeraha ya mabomu yaliyoachwa kwenye malisho baada ya mazoezi ya kijeshi. Waliopata ulemavu ni pamoja na watoto waliokuwa wakichunga.

Sisi Waafrika tuna urithi wa kukataa. Desemba 1959 kikundi cha wapinga vita kilitoka Accra kuelekea Sahara kuzuia jaribio la bomu la Ufaransa, kikazuiwa mpakani mwa Volta ya Juu. Bomu likalipuliwa Reggane tarehe 13 Februari 1960. Mmoja wao, Bill Sutherland, Mmarekani mweusi, alikuja kuishi Dar es Salaam miaka mingi. Mwaka 1971 Tanzania iliungana na Sri Lanka kupeleka Umoja wa Mataifa hoja ya kuifanya Bahari ya Hindi eneo la amani. Na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa viongozi sita, pamoja na Indira Gandhi na Olof Palme, waliozitaka nchi zenye nyuklia zisimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha hizo.

Matunda makubwa ya Afrika ni Mkataba wa Pelindaba, uliosainiwa Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Unakataza kutengeneza, kumiliki, kujaribu na kuweka silaha za nyuklia barani. Hata hivyo, ukiusoma kifungu kwa kifungu unakuta nyufa mbili. Kifungu cha 4 kinaiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu meli na ndege za kigeni zinazotia nanga, kutua au kupita. Kifungu cha 9 kinadai ukaguzi kamili wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu (IAEA) pale urani inapouzwa kwa nchi isiyo na silaha za nyuklia. Kwa nchi iliyo nazo, kifungu hicho hakiweki sharti hilo.

Ufa huu wa pili unatugusa leo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kipande cha Selous kitengwe kwa ajili ya mgodi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo. Mwenye mradi ni Rosatom, shirika la serikali ya Urusi, nchi yenye silaha za nyuklia.

Kwa hiyo napendekeza semina hii iwaandikie wabunge wa Manyara, wayapeleke bungeni maswali matatu. Mkataba wa mgodi wa Mkuju una kifungu kinachozuia urani yetu kuingia kwenye silaha, na nani atakikagua? Mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, ambao Tanzania iliusaini mwaka 2019, umefikia hatua gani ya kuridhiwa? Na meli ya kivita ya kigeni ikiomba kutia nanga Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, je, huulizwa kama imebeba silaha za nyuklia, na jibu lake huwekwa wapi?