Dawa ya Safari Hufanya Kazi Kichwani

Asubuhi kabla boti haijatoka Goma kwenda Bukavu, au kabla gari halijaanza kupanda kona za Kabasha kuelekea Kanyabayonga, abiria hununua maji, mkate na kidonge kimoja cha kuzuia kutapika. Kidonge hukatwa kwa mkasi kutoka kwenye plaketi, bila boksi wala karatasi ya maelezo, kikamezwa palepale. Ni nadra mtu kuuliza swali, kwa sababu wengi tunaihesabu kuwa dawa ndogo ya tumbo, na dawa ya tumbo haimtishi mtu. Maoni yangu leo ni kwamba kosa linaanzia hapo. Dawa ya safari hufanya kazi kichwani, ndani ya ubongo. Tukilishika hilo moja, tutajua wenyewe imezwe wakati gani, nani asipewe, na ni kutapika kupi kusikohusiana nayo hata kidogo.

Tuanze na chanzo cha shida yenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo chenye majimaji, kazi yake ni kuuambia ubongo kama mwili umetulia, umeinama au unazunguka. Ukikaa ndani ya boti ziwa likiwa limechafuka, jicho linaona ukuta na viti vimetulia, lakini sikio linapeleka habari kwamba tunayumba. Ubongo hupokea mashahidi wawili wanaopingana, na ugomvi huo ndio unaochafua roho. Tumbo hutapika kwa amri tu. Ushahidi wake ni wa muda mrefu. Mwaka 1882, msomi wa Marekani William James alionyesha kwamba wengi miongoni mwa viziwi hawapati kizunguzungu hata wakizungushwa. Kuanzia mwaka 1958, jeshi la majini la Marekani, na baadaye shirika la anga za juu NASA, walifanya majaribio na wanaume 11 viziwi wa chuo cha Gallaudet, karibu wote wakiwa wamepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo. Walipopelekwa kwenye bahari yenye mawimbi makali karibu na Nova Scotia, nchini Kanada, watafiti wenyewe ndio waliougua. Wale viziwi waliendelea kucheza karata. Matumbo yao yalikuwa kama ya watu wote. Kilichoharibika kwao ni kile kiungo cha sikio.

Dawa nazo zinatoa ushahidi uleule. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, madaktari Leslie Gay na Paul Carliner walikuwa wakijaribu dawa mpya ya mzio. Mgonjwa mmoja aliyezoea kuchafukwa roho kila akipanda tramu akagundua kwamba akiimeza hachafukwi tena. Mwaka huohuo dawa hiyo, dimenhidrinati, ikajaribiwa kwa askari waliovuka Atlantiki katika meli General Ballou, nayo ikafaa. Prometazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan, ni ya ukoo huohuo wa dawa za mzio za zamani, zinazoingia ubongoni na kuzima baadhi ya habari za sikio. Dawa mpya za mzio kama setirizini na loratadini zilitengenezwa zisilete usingizi sana, yaani zisiingie ubongoni kwa wingi. Na hizo hazizuii kutapika njiani. Hata domperidoni na metoklopramidi, ambazo madaktari huziandika kwa kutapika kwa aina nyingine, hazifai kitu kwa kuyumba kwa boti. Kwa hiyo usingizi unaokuja na dawa ya safari umeingia kwa mlango uleule ulioingiza faida.

Kutoka hapo, kanuni za matumizi zinajipanga zenyewe. Kwanza ni wakati. Roho ikishachafuka, tumbo hupunguza mwendo wake, na kidonge kilichomezwa wakati huo hulala humo au hutoka pamoja na matapishi. Ndiyo maana dimenhidrinati humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka, na prometazini mapema zaidi, hata usiku wa kuamkia safari. Anayemeza kidonge cha pili kwa kuwa cha kwanza kimechelewa hapati faida maradufu. Anapata usingizi maradufu. Pili ni kazi inayomsubiri. Motari au dereva asiimeze kabla ya kushika usukani, na abiria atakayeshuka Bukavu na kupanda moto yake mwenyewe ajue kwamba dawa bado iko kichwani. Tatu ni mchanganyiko. Chupa ya bia ya Primus, pombe ya kasiksi, Valium na tramadoli vyote huulaza ubongo, na juu ya prometazini vinaweza kuulaza hadi pumzi ikapungua. Na ziwa letu lina jambo lake. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyokuwa ikitoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, na familia nyingi zikaingia msibani. Siitaji ajali ile kwa kuhusisha vidonge. Naitaja kwa sababu inatukumbusha kwamba abiria wa ziwani anaweza kuhitaji akili yake yote kwa ghafla, hata ufuko ukiwa mbele ya macho. Anayemeza dawa ya usingizi avae jaketi la kuokolea kwanza, alifunge sawasawa, na akae karibu na mtu aliye macho.

Watoto wanataka uangalifu zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kuugua kwa mwendo wa gari, na kwa umri huo prometazini inaweza kumzuia kupumua. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liandikwe, kwa sababu kulikuwa na watoto waliokufa. Sirapu ya prometazini isitumike kumnyamazisha mtoto barabarani. Kwa mtoto mkubwa zaidi, kipimo kifuate uzito na umri wake, kwa kifaa kilichokuja na chupa, kwani vijiko vya jikoni havilingani. Metoklopramidi, yaani Primperan, nayo inaweza kumkaza mtoto au kijana shingo, ikampindua macho na kumtoa ulimi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliipiga marufuku kwa watoto wa chini ya mwaka 1 na kuiwekea watu wazima kikomo cha siku 5. Familia ikiona shingo inapinda hivyo, isidhani ni mapepo. Imbebe mtoto hadi kituo cha afya pamoja na plaketi ya dawa, maana hali hiyo ina tiba. Mama mjamzito naye asichague mwenyewe. Dawa iitwayo talidomaidi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu, na ilipoondolewa mwishoni mwa mwaka 1961 maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo pungufu. Zipo dawa zinazomfaa mjamzito, lakini achaguliwe na anayejua.

Tena kuna kutapika ambako hakuna safari ndani yake. Mji huu una kumbukumbu ya Julai 1994, kipindupindu kilipoingia katika kambi za wakimbizi pembeni mwake na kuua makumi ya maelfu ya watu kwa muda wa wiki chache. Anayetapika huku akiharisha maji kama ya mchele anahitaji maji ya chumvi na sukari ya SRO, na kituo cha afya saa hiyohiyo. Anayetapika akiwa na homa apimwe malaria. Aliyeanguka na moto akagonga kichwa, kisha akaanza kutapika, apelekwe hospitali haraka. Ukiwapa hawa dawa ya safari, unamlaza shahidi aliyekuja kukuonya, na ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Najua wapo watakaosema: nimemeza kidonge hiki miaka mingi na sijaona baya. Inawezekana, na sitaki mtu huyo aache dawa inayomfaa. Lakini usalama wake unatokana na umri wake, uzito wake, na kutochanganya. Hauhamii kwa mtoto wake wa mwaka 1, wala kwa babu mwenye shida ya kukojoa au presha ya macho, ambaye dawa hizi zinaweza kumziba mkojo, kumdhuru macho na kumchanganya akili. Wengine watasema: farmasi ndiyo hospitali yetu, daktari yuko mbali na pesa hakuna. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana siwaambii watu wote wakapange foleni hospitalini kabla ya kupanda boti. Nasema swali halilipiwi. Mwenye farmasi anaweza kuuliza umri, mimba, dawa nyingine na kama msafiri ataendesha chombo, kwa muda uleule anaohesabu chenji. Na kwa wanaopenda tangawizi, sina ugomvi nao; utafiti juu yake haukubaliani, lakini kuitafuna kidogo hakumdhuru mtu mzima mwenye afya. Chenye msingi ulio wazi zaidi ni kuwapatanisha wale mashahidi wawili: kaa katikati ya boti, au mbele ndani ya basi, acha simu, tazama mbali, kwenye milima ya Idjwi au mstari wa barabara. Kwa sababu hiyohiyo dereva ni nadra kutapika. Macho yake yanaijua kona kabla mwili haujaihisi.

Namalizia na ombi kwa wenye farmasi wa mji huu. Mnapokata plaketi, kateni upande ambao jina la dawa na tarehe ya mwisho vitabaki vikisomeka; visipobaki, andikeni jina hilo kwenye karatasi, pamoja na saa ya kumeza. Karatasi hiyo itasafiri mfukoni mwa abiria. Akilala kupita kiasi, au mtoto wake akikaza shingo, muuguzi wa Minova au wa Idjwi hatahitaji kubahatisha ni nini kilichomezwa Goma asubuhi ile.