MALIPO KWA SIMU: TUCHAGUE KWA HESABU

Ndugu wanaushirika,

Asali yetu sasa inaagizwa na wateja wa mjini kwa simu. Ni jambo jema. Lakini fedha yao ipite mlango gani? Kampuni za malipo ni nyingi, na kila moja inajisifu. Tusikimbilie. Tuulize mambo manne.

Kwanza, ina leseni? Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inataka mtoa huduma awe na leseni ya Benki Kuu. Kama haina, hatuitaki.

Pili, makato ni kiasi gani? Sisi wa kisomo cha watu wazima hesabu hii tunaiweza. Kampuni ikikata 2 katika kila 100, mauzo ya shilingi 500,000 yanatuachia 490,000. Je, tukihamishia benki inakata tena? Yote yajumlishwe.

Tatu, fedha inafika lini? Mfuga nyuki hali ahadi.

Nne, mteja akikosea kulipa akadai chake, tumwone nani?

Namba ya malipo iandikishwe kwa jina la ushirika, siyo la katibu wala mweka hazina. Mtu huhama, mtu hufa, ushirika unabaki.

Tena, ujumbe anaotuonyesha mteja siyo fedha. Mzigo usitoke ghalani mpaka tuangalie salio letu wenyewe.

Haya tutayaamua kwenye mkutano mkuu. Asiyejua kusoma asomewe na jirani, naye aje na swali lake.