Sauti Iliyokaa Dirishani



Wahitimu wa kemia, nimekuja na CD mbili. Zote zilichomwa siku moja, mwaka 2004, baada ya harusi ya dada yangu, na zote zina sauti ya bibi yetu akiwausia maharusi. Moja ilikaa kabatini, ndani ya kasha lake. Nyingine ilisahaulika juu ya redio, dirishani, jua la asubuhi likiipiga kila siku. Ya kabatini inasikika mpaka leo, hata kikohozi cha bibi kimo. Ya dirishani haitoi neno. Ukiiinua kwenye mwanga unaona ule ukijani wake umechujuka.

Kilichotokea pale ni kemia. CD ya kuchoma, ambayo kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani iliitambulisha mwaka 1988, haipigwi chapa kiwandani kama CD ya muziki ya dukani. Ina utando mwembamba wa rangi ogania, mara nyingi saianini, uliopakwa juu ya plastiki. Leza ya kuandikia ina nguvu kuliko ya kusomea. Ikiigusa, rangi hupata joto kali na kuvunjika, na pale hubaki alama isiyorudisha mwanga vizuri. Alama hizo, kwenye mfuo ambao mizunguko yake imeachana kwa mikromita 1.6 tu, ndiyo sauti ya bibi. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki.

Lakini rangi iliyo tayari kuandikwa kwa mwanga haichagui mwanga. Molekuli ya saianini ina mnyororo ulio wazi katikati, na jua likisaidiwa na oksijeni huukata. Ndiyo maana wakemia waligeukia thalosaianini, jamaa ya rangi za buluu na kijani za wachoraji: hiyo ni pete kubwa iliyofungamana, na huvumilia jua zaidi. Wanangu, naiheshimu sana kazi hiyo. Mtu alikaa maabara akibadili umbo la molekuli ili sauti ya mtu asiyemjua idumu.

Ninyi mnaweza kuuchora mnyororo ule ubaoni bila kutazama daftari. Basi mkifika nyumbani, kabla ya pilau, fungueni makabati ya wazazi wenu. CD za harusi, za mahubiri, za misiba, zinakilini wiki hii. Zile zilizo dirishani, anzeni nazo.