Mwanafunzi Akija Kuandika Habari Zenu, Msimamieni

Hotuba ya wanafunzi kwa vikundi vya kujisaidia, Ziwani, Nairobi

Wenyeviti wa vikundi, kina mama, wazee wetu na vijana, jambo tunaloleta ni lenu. Na ninyi wa vikundi vya kijijini mtakaosoma maneno haya katika jarida, karibuni, maana jambo lenyewe ni lenu pia.

Sisi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Tumemaliza miezi mitatu ya mafunzo ya kazini, ile mnayoiita atachimenti. Wenzetu wengine walipelekwa benki, wengine kiwandani. Sisi tulitumwa kuandika: kumbukumbu za mikutano, barua za maombi na historia fupi za vikundi vya mtaa huu. Kila siku tulijaza kitabu cha kazi, kila wiki msimamizi wa hapa alitia sahihi, na mwalimu wa chuo akaja kukagua.

Hatukuja kuaga tu. Tuna neno moja. Mwanafunzi akija kuandika habari zenu ana wasimamizi wawili: mwalimu wake, na ninyi. Mwalimu anajua sarufi na mpangilio. Lakini kama lililoandikwa ni kweli, mnaojua ni ninyi.

Kwa nini jambo hili ni zito? Utazameni mtaa huu. Kwa wasioufahamu, Ziwani iko karibu na Kariokor na Starehe. Nyumba zake zilijengwa na manispaa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Baadaye zikawa za baraza la jiji, na tangu 2013 ziko chini ya Kaunti ya Nairobi. Siku hizi mitaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya. Pale Pangani, si mbali na hapa, nyumba 48 za zamani ziliondolewa kupisha majumba marefu. Siku kama hiyo ikifika, swali ni moja: wewe ni nani, na umekaa hapa tangu lini? Asiye na karatasi hubaki akisimulia tu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Hata huko kijijini ni hivyo hivyo. Tangu sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, kikundi kinachotaka kusajiliwa hutakiwa kuwa na katiba iliyoandikwa. Basi anayeshika kalamu ameshika jambo kubwa.

Tuwape mfano wa hapa. Fomu moja kutoka nje ya mtaa iliwaita wanachama "wasiojiweza". Tulipowasomea, mama mmoja wa kikundi cha akiba akauliza, "Wanangu, mimi nimesomesha watoto kwa hela ya sukuma wiki. Nani hapa hajiwezi?" Wenzake wakacheka, lakini msimamizi hakucheka. Alisema tuandike walivyo: wauza mboga wanaoweka akiba kila wiki. Ni neno moja tu, lakini neno hilo ndilo huamua kama mtu ataongea nawe kama mwenzake au kama ombaomba.

Jambo hili si geni Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 2025, alianza kuandika akiwa mwanafunzi wa Makerere. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi uliofanyika huko, alimpa Chinua Achebe muswada wake ausome. Kitabu, Weep Not, Child, kikatoka 1964. Hivyo naye alihitaji jicho la mtu mwingine. Lakini tazameni alichofanya 1977, akiwa tayari mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wakulima na wafanyakazi waliusikiliza ukisomwa, wakaukosoa, wakaongeza yao. Wazee walirekebisha hata namna mzee katika mchezo anavyozungumza. Siku hiyo profesa alikuwa na wasimamizi wenye majembe! Mwezi wa Novemba serikali ilifuta ruhusa ya mchezo, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Maneno ambayo watu wameyasahihisha wenyewe yana nguvu.

Haya basi, mwanafunzi akija kwenu fanyeni hivi:

1. Kabla hajaanza, ulizeni maandishi yataenda wapi na nani atayasoma.

2. Chagueni watu wawili wa kumsimamia, mmoja awe mama. Mwenyekiti asiachiwe peke yake.

3. Kila wiki asome kwa sauti alichoandika, kwa lugha mnayoielewa wote. Asiyejua kusoma ana masikio, na mara nyingi ndiye mwenye kumbukumbu.

4. Jina la mtu, ugonjwa wake au deni lake lisiandikwe bila ruhusa yake mwenyewe.

5. Msitie sahihi kitabu chake cha kazi mpaka nakala moja iwe ndani ya sanduku la kikundi. Simu ikipotea, sanduku lipo.

Na upande wenu pia mna deni. Mwanafunzi huyu mara nyingi halipwi. Msimfanye wa kuchemsha chai na kubeba viti tu. Mpeni kazi yenye maana, mwambieni ukweli, na akikosea mrekebisheni bila kumdharau. Akitoka kwenu hivyo, atakuwa amesoma jambo ambalo darasani halipo.

Sisi makaratasi yetu tumewaachia makatibu wenu. Mkiona pengo, jazeni. Kalamu ni yenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Ni nani ameandika habari za kikundi chetu mpaka sasa? Je, tulisomewa?

Nakala ziko wapi leo?

Kama afisa angeuliza kesho tulianza lini na tumefanya nini, tungemwonyesha karatasi gani?