Njia za milima yetu zitembewe pia na watoto wetu

Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa Rumangabo, Siku ya Utalii Duniani, tarehe 27/09/2019

Asanteni kwa kunawa mikono pale mlangoni. Ebola bado iko katika jimbo letu, na mwezi wa saba ilifika mpaka Goma. Hatutaki mkutano wa raia uwe njia ya ugonjwa.

Kabla ya yote, tusimame dakika moja. Tarehe 9 mwezi wa nne mwaka wa 2018, walinzi watano wa parke ya Virunga na shofere mmoja waliuawa siku moja. Mwezi uliofuata, tarehe 11, Rachel Masika Baraka, dada wa miaka 25, aliuawa akilinda wageni kwenye gari. Kwa miaka yote, walinzi zaidi ya 170 wamekufa kwa ajili ya misitu hii. Wengi walikuwa watoto wa vijiji vyetu. Tusimame.

Asanteni. Tuketi.

Leo dunia inasherehekea utalii, na mwaka huu neno lililochaguliwa ni utalii na kazi. Sisi tumekuja kuuliza swali moja tu: njia za miguu zenye ziko katika milima yetu, ni za nani?

Tunauliza juu ya jambo tulilolikuta wenyewe. Wiki mbili zilizopita tuliingia katika darasa moja la sekondari, hapa hapa karibu. Dirisha la darasa hilo linaangalia Mikeno, mita 4,437. Ukigeuka kidogo unaona moshi wa Nyiragongo. Tukauliza wanafunzi: ni nani amekwisha kupanda Nyiragongo? Kimya. Nani amekwisha kuona sokwe wa milimani? Kimya. Mwishoni binti mmoja akainua mkono, akasema: «Miye siyapandaka. Lakini baba anapandaka, anabebeaka bazungu mizigo.» Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka.

Wandugu, tukumbushane kile tulicho nacho. Kutoka Kibati mpaka juu ya Nyiragongo ni mwendo wa kilomita karibu 8, saa nne mpaka sita kwa miguu. Unapita msituni, unapita juu ya mawe meusi ya volkano, kisha baridi inakukamata, na huko juu, kwenye mita 3,470, unachungulia ziwa la moto lenye watu wanatoka Japani na Marekani kuja kuliona. Kwenye barabara ya Sake kuko Ziwa la Kijani, limekaa ndani ya mdomo wa volkano ya zamani. Huko Masisi kuko maziwa ya Mokoto. Rutshuru kuko maporomoko ya maji, na mto huo huo ndio unazungusha mashine za Matebe, megawati 13.8, tangu mwisho wa mwaka wa 2015. Kule Mutwanga, upande wa Beni, kuko njia ya siku nyingi ya kupanda Ruwenzori: unapita Ziwa la Kijani lingine, Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijivu, mpaka karibu na barafu. Barafu katika Kongo! Watoto wangapi wa Kivu ya Kaskazini wanajua?

Historia nayo tuiseme. Vitabu vinatuambia kwamba mwaka wa 1894 mzungu mmoja, von Götzen, alikuwa Mzungu wa kwanza kupanda Nyiragongo. Hakupanda peke yake. Kuko watu walimbebea chakula, hema na bunduki. Shuleni tulifundishwa jina lake. Jina la hata mmoja wa wale wabebaji hatukufundishwa. Mwaka wa 1925, tarehe 21 mwezi wa nne, Wabeljiji wakatangaza parke hii, ya kwanza ya namna hii katika Afrika, na wakaipa jina la mfalme wao, Albert. Akeley, Mmarekani mwenye alisukuma sana jambo hilo, amezikwa huko Kabara, katikati ya Mikeno na Karisimbi. Kaburi lake linajulikana. Miaka iliyofuata parke ikapanuliwa, na babu zetu wenye walikuwa na mashamba, na mizinga ya nyuki, na vinjia vya kwenda kuoa upande wa pili, wakaambiwa: hapa ni mwisho.

Kidonda hicho hakijapona. Tunakijua, na hatukuja kukipaka rangi.

Lakini tusikie vizuri, juu ya kesho mtu asije akasema vijana walituma watu kuvamia msitu. Hapana. Msitu ukikatwa wote, tutakufa njaa sisi wa kwanza. Mvua yenye inanyeshea maharagi yetu inatoka huko. Maji tunayokunywa yanatoka huko. Makala yanayoteremka Goma kila usiku hayajamtajirisha mama hata mmoja wa hapa. Yanatajirisha wenye bunduki. Na mama mwenye anaingia porini kutafuta kuni anaweza kukutana na mambo yenye hatuwezi kuyasema mbele ya watoto. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira mazuri, na ana lazima ya kuyalinda. Hiyo lazima tunaikubali.

Ila Katiba hiyo hiyo ina kifungu cha 58: Wakongomani wote wana haki ya kufurahia utajiri wa nchi, na Serikali ina lazima ya kuugawa kwa haki. Sisi tunasema njia ya kupanda mlima ni utajiri. Hewa ya huko juu ni utajiri. Mtoto kuona kwa macho yake kile anacholinda, ni utajiri.

Bei iliyotangazwa kwa mgeni ni dola 300 kupanda Nyiragongo, na dola 400 kuona sokwe. Hatuna shida mgeni alipe. Alipe, na arudi kwao salama. Kwa majirani zetu Rwanda, sokwe ni dola 1,500 tangu mwaka wa 2017, na mwaka huo huo sehemu ya mapato inayorudi kwa vijiji ilitoka asilimia 5 ikafika asilimia 10. Mgeni analipa na kijiji kinajua hesabu. Lakini mwalimu wa hapa, mwendesha chukudu wa Kibumba, muuza viazi wa Rugari, hata ukimkatia bei hiyo nusu, hata ukiikata mara kumi, atachagua mlima ao atachagua kulisha watoto? Tunajua jibu.

Mwezi huu serikali imesema masomo ya shule ya msingi ni bure. Tumefurahi, hata kama bado tunangojea kuona mishahara ya walimu. Basi, kama mlango wa shule unaweza kufunguliwa bila franga, mlango wa mlima pia unaweza, hata siku moja kwa mwezi.

Kuko wenye watatuambia: vijana, ninyi munaota, hapa kuko vita. Ni kweli. Tangu mwezi wa tano mwaka jana mpaka mwezi wa pili mwaka huu, parke ilifungwa kwa wageni wote juu ya usalama. Tuliona kilichotokea: wabebaji wakakaa nyumbani, wapishi wakakaa nyumbani, mama wenye waliuza mboga kwa mahoteli wakarudi na vitunga vimejaa. Mgeni alitekwa siku mbili, dunia nzima ikajua. Jirani yetu anatekwa akitoka shambani, familia inauza mbuzi na shamba kulipa, na hakuna redio inasema. Juu ya hiyo tunasema usalama wa mtalii na usalama wa mkulima ni usalama mmoja. Kinjia chenye si salama kwa mama mwenye jembe, hakiwezi kuwa salama kwa mgeni mwenye kamera. Ukianza na mama, mgeni atapita.

Basi, haya ndiyo tunaomba, na tutayaandika na kuyapeleka kwa mkono kwa kila mwenye anahusika:

1. Siku moja kila mwezi, wanafunzi wa vijiji vinavyopakana na parke wapande Nyiragongo ao watembee msituni bila kulipa, wakiwa na mwongozaji na mlinzi. Tuanze na darasa moja tu. Tutachanga wenyewe viatu na makoti ya mvua, juu baridi ya huko haina mchezo.

2. Kila mbebaji mizigo awe na mkataba wa maandishi: kilo ngapi anabeba, franga ngapi analipwa, na nani anamtunza akivunjika mguu.

3. Hesabu ya pesa ya utalii yenye inarudi kwa vijiji ibandikwe mlangoni kwa shule, kwa kituo cha afya na kwa kanisa, kwa Kiswahili, yenye mama anaweza kusoma ao kusomewa.

4. Mipaka ya parke ionyeshwe wazi, mbele ya wakaaji na machifu, ili mtu asikamatwe kwa kukanyaga fasi yenye hakuna mwenye alimwonyesha kwamba imekatazwa.

5. Serikali ilinde barabara ya Goma–Rutshuru na vinjia vya mashamba saa zenye wakulima wanatembea, si saa za msafara wa wageni peke yake.

Na sisi? Kuomba peke yake si kazi ya raia. Kuko njia zenye haziko ndani ya parke, na hizo hazingojei ruhusa ya Kinshasa. Kufika kwenye maporomoko ya Rutshuru, kuzunguka Ziwa la Kijani, kupita kwenye vilima vya hapa kati ya kijiji na kijiji: hizo tunaweza kuzifungua kwa salongo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, tukutane hapa saa moja asubuhi, kila mtu na jembe lake ao panga lake. Kwanza tutauliza wazee njia za zamani zilipita wapi, na tutawauliza wenye mashamba kabla ya kukanyaga shamba la mtu. Tutaandika majina ya vilima namna wazee wanavyoyaita. Hatutakata mti. Hatutaacha plastiki. Fasi yenye mkaaji atatuambia si salama, hatutaenda, na hatutampeleka mtu. Mwenye ataona chuma chochote cha vita asikiguse, aite mkubwa.

Kuko mzee mmoja alituuliza jana: «Bana bangu, kutembea tu, ile nayo ni siasa?» Tukamjibu: baba, katika nchi yenye mtu anaogopa kwenda shambani kwake, kutembea bila woga ni haki ya kwanza. Siku mtoto wa Rumangabo atapanda mlima wake, ashuke, alale kwao, na kesho yake aende shule kusimulia, siku hiyo tutajua amani imeanza kurudi.

Yule binti wa darasa lile, tumemwalika leo. Ameketi pale mbele. Tumemwahidi kwamba mlima ukifunguliwa kwa wanafunzi, yeye atakuwa wa kwanza kwenye mstari, na mzigo wake ataubeba mwenyewe.

Tusaidieni tusiwe waongo mbele yake.



Vijana wa harakati ya raia, Rumangabo